Chuma cha mitumba kinunuliwe kwa kipimo, si kwa jina

Liko kosa moja linalotendeka kila mwaka katika viwanja vya gofu vya Arusha, nalo halijapata kuzungumzwa kwa uzito unaolistahili. Kosa lenyewe si la uwanjani. Hutendeka kabla mpira haujapigwa, pale mwananchi aliyekwisha kuupenda mchezo anapotoa akiba yake ya miezi kadhaa kununua seti ya fimbo za chuma zilizotumika, akarudi nazo nyumbani kwa furaha, na baada ya msimu mmoja akaziegemeza nyuma ya mlango akisema kwamba gofu si mchezo wa watu kama yeye. Wenzake humkubalia. Husema hana kipaji. Hakuna anayezigeuza zile fimbo na kuzitazama.

Mtu anayezungumziwa hapa si mgeni kabisa wa mchezo. Mgeni kabisa hana haja ya kununua kitu. Fimbo moja ya kuazima, chuma namba 7, yamtosha kwa miezi ya mwanzo. Anayezungumziwa ni yule aliyekwisha kuvuka hatua hiyo. Katika mapigo kumi, matano au sita huinuka hewani na kwenda upande unaolingana na nia yake. Amekwisha kuyazunguka mara nyingi mashimo 9 ya Arusha Gymkhana, katikati ya jiji, na pengine amethubutu kwenda kwenye mashimo 18 ya Kili Golf, upande wa Usa River, ambako Meru humtazama kwa upande mmoja na Kilimanjaro kwa upande wa pili. Huyo anahitaji fimbo zake mwenyewe, maana mwili hauwezi kujifunza pigo moja kwa fimbo kumi za kuazima zenye urefu na uzito mbalimbali. Na huyo ndiye anayedanganyika kwa urahisi, kwa sababu anajua kiasi cha kutosha kutamani, lakini hajajua kiasi cha kutosha kukagua.

Yafaa kwanza iondolewe kasumba. Wapo wanaodhani kwamba kucheza kwa fimbo za mitumba ni kujionyesha maskini mbele ya wakubwa. La hasha! Katika nchi ambamo watu wa kila daraja huvaa mitumba na kuendesha magari yaliyochakazwa kwanza na Wajapani, hapana sababu ya kuona haya juu ya fimbo iliyotumika. Tena fimbo huvumilia kuliko gari, kwa kuwa haina injini. Kichwa chake aghalabu ni kipande cha chuma kisichoshika kutu, kilichomiminwa katika kalibu, na kikitunzwa chaweza kumpita umri mwenye kukinunua. Kinachochakaa ni raba ya kushikia, mifereji ya usoni na, kwa nadra, mpini. Mambo yote matatu huonekana kwa macho.

Fimbo hizo hazipatikani kwa urahisi katika meza za mitumba za soko la Kilombero, kati ya mafungu ya suruali na viatu. Njia zake ni nyingine. Arusha ni mji wa wageni wanaokuja na kuondoka: Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa hapo toka katikati ya miaka ya 1990 hadi ilipofungwa mwaka 2015, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu hapo, na kampuni za utalii hazihesabiki. Mgeni anapofunga mizigo, mkoba wa gofu ni mzito kuupandisha ndege. Nairobi nayo iko mwendo wa nusu siku kwa kupitia Namanga, na Kenya ina viwanja vingi zaidi na wachezaji wengi zaidi wanaobadilisha fimbo. Ndiyo kusema bidhaa hupita mkono kwa mkono, kwa maneno na kwa picha za simu, na mahali ambapo bidhaa hupita kwa maneno, jina huuza kuliko kitu.

Achukuliwe mwalimu kijana wa Sekei. Amesikia kwamba mzee mmoja mchezaji wa siku nyingi anauza seti yake. Anafika, anasalimu, "Shikamoo mzee," naye mzee anaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu utazame mali." Fimbo zinatolewa. Zinang'aa. Ni nyembamba kama visu, migongo yake imejaa chuma laini bila shimo, na jina lililochongwa juu yake ni la kampuni ambayo mabingwa huonekana nayo katika televisheni. "Hizi zimefuliwa, hazikumiminwa," asema mzee, naye hasemi uongo. "Ukizizoea hizi, mwanangu, hakuna fimbo itakayokushinda." Mwalimu anazishika, anaona fahari inampanda mabegani, analipa.

Mzee hakumwibia. Amemwuzia kitu kizuri kisichomfaa. Fimbo ya namna hiyo imekusanya uzito wake katika sehemu ndogo nyuma ya kitovu cha uso. Anayeugusa mpira kwa kitovu hicho hupata raha isiyo na kifani na uwezo wa kuupinda mpira apendavyo. Anayekosa kitovu kwa upana wa kidole huadhibiwa: kichwa hujipinda mkononi, mpira hupoteza umbali na mwelekeo, na baridi ya asubuhi ya Arusha huufikisha mtikisiko hadi kwenye viwiko. Bingwa hukosa kitovu mara chache. Mwalimu wa Sekei hukikosa mara nne katika tano. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini katika jambo hili kizuri chajiuza kwa mtu asiyekihitaji.

Dawa ya adhabu hiyo ilikwisha kupatikana zamani. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi katika kampuni ya General Electric huko Marekani, aliingia katika utengenezaji wa fimbo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akishindwa kuuingiza mpira shimoni. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: uzito wa kichwa utolewe katikati na kupelekwa pembezoni, ili kichwa kikatae kujipinda mpira unapogusa kando ya kitovu. Ndipo zilipopatikana fimbo zenye shimo mgongoni. Vyuma vya Ping Eye2, vilivyotoka mwaka 1982, vililieneza wazo hilo duniani, na kampuni nyingine zote zikalifuata kila moja kwa namna yake. Umbo lake halivutii. Huonekana nene, lenye soli pana, kama jembe lililosahauliwa na fundi. Hata hivyo mwenye kujifunza anayenunua seti ya namna hiyo yenye umri wa miaka kumi au hata ishirini hupungukiwa na kidogo mno akilinganishwa na anayetoa mara kadhaa ya bei hiyo kwa seti ya mwaka huu. Matangazo ya biashara husema vingine kila msimu. Yamekuwa yakisema hivyo kwa miaka mingi, na laiti ahadi zote zingekuwa kweli, mipira ingekuwa inavuka mpaka wa Kenya.

Hapo panatokea mtego wa pili, ambao hata wachezaji wa miaka mingi hunaswa nao, nao ni mtego wa namba. Mtu hudhani chuma namba 7 ni chuma namba 7, kama vile kilo ya sukari ni kilo ya sukari. Sivyo. Namba haikupata kuwa kipimo. Kipimo ni mwinamo wa uso, yaani jinsi uso ulivyolala nyuma kutazama mbingu, nao hupimwa kwa digrii. Katika miaka ya 1970 namba 7 ilikuwa na mwinamo wa digrii 36 hadi 38 hivi. Katika seti nyingi za siku hizi zinazotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza, namba hiyo hiyo ina digrii 28 hadi 30, ambazo zamani zilikuwa za namba 5 au pungufu yake. Watengenezaji wana sababu zao za kiufundi, maana uzito ukishushwa chini ya kichwa mpira hupaa hata uso ukiwa umesimama. Lakini wana sababu ya kibiashara pia: mnunuzi anayejaribu namba 7 mpya na kuona mpira umekwenda yadi kumi na tano zaidi huamini amenunua nguvu, kumbe amenunua namba 5 iliyoandikwa 7.

Kwa mnunuzi wa mitumba jambo hilo si la kuchekesha, kwa sababu seti nyingi za mkononi huwa zimechanganyika. Namba 4 hadi 9 za kampuni moja huunganishwa na fimbo fupi za kampuni nyingine za miaka mingine. Fimbo fupi ya zamani ya kukaribia shimo, ile iliyoandikwa P, ilikuwa na digrii 48 au 50. Ya seti nyingi mpya ina 43 au 44. Fimbo ya kutokea mchangani ina 56 hivi. Mwenye P ya digrii 43 na ya mchanga ya digrii 56 hana chochote katikati, na pengo hilo la digrii 13 litamsumbua katika kila shimo, kwa kuwa ndipo penye mapigo mengi ya kuelekea kwenye kijani. Basi kabla ya kuulizwa bei, muuzaji aulizwe mwinamo wa kila fimbo. Kama hajui, mwaka na jina la toleo vitatosha kwa mnunuzi kuutafuta mwenyewe, maana kampuni kubwa hutangaza vipimo vya matoleo yake.

Wakazi wa Arusha wana sababu yao ya ziada ya kutoamini umbali. Jiji liko yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na mpira hukutana na kizuizi kidogo, hata pigo ambalo Dar es Salaam lingetua yadi 150 huku hupata yadi saba au nane zaidi. Mnunuzi anayejaribu fimbo yenye uso uliosimama, katika hewa ya milimani, wakati wa kiangazi ardhi ikiwa ngumu, ataona maajabu matatu kwa pamoja na kuyahesabu yote kuwa ya fimbo. Akiteremka kwenye mashindano ya pwani, Lugalo kwa mfano, maajabu mawili humwacha njiani. Kipimo cha haki ni kupiga mipira ishirini kwa fimbo moja na kutazama jinsi ilivyotapakaa. Fimbo inayokusanya mipira mahali pamoja, hata kama ni karibu, ndiyo inayomfaa anayejifunza.

Mpini hutazamwa na wachache, ingawa ndio unaoamua mengi. Juu yake huwa na karatasi nyembamba yenye herufi: R kwa ugumu wa kawaida, S kwa ulio mgumu, A kwa ulio laini, na L kwa ule uliokusudiwa wanawake. Vijana wenye nguvu hukimbilia S kwa fahari, kama kwamba R ni kukiri udhaifu. Ugumu hauendani na misuli. Unaendana na kasi ya fimbo inapoushukia mpira, na anayejifunza kwa kawaida hana kasi hiyo kwa sababu mwili wake bado unapigana wenyewe kwa wenyewe. Mpini wa chuma wa wachezaji wa kulipwa waweza kufika gramu 130. Iko mipini ya chuma yenye gramu 95 hivi, na ile ya nyuzi za kaboni hushuka zaidi. Mtu wa makamo mwenye maumivu ya viwiko asione aibu kuchukua ya kaboni. Karatasi za mipini yote zilinganishwe moja baada ya nyingine. Ikiwa moja ni tofauti, fimbo hiyo ilivunjika zamani na kuunganishwa upya, na bei yapasa kulijua hilo.

Ukaguzi uliobaki hauhitaji elimu, bali subira na mwanga wa mchana. Uso uoshwe kwanza, kisha ukucha upitishwe juu ya mifereji. Ukiteleza bila kukwama, mifereji imekwisha, na katika majani yenye umande wa Meru mpira utaruka bila kushikwa wala kusimama utuapo. Fimbo fupi ndizo zinazokwisha kwanza, kwa hiyo kazi ianze huko. Shingo, mahali kichwa kinapokutana na mpini, itazamwe kama ina ufa. Fimbo itikiswe karibu na sikio. Kinacholia ndani ni gundi iliyoachia au kutu iliyobanduka. Kutu ya juu si hoja, kutu iliyochimba vishimo katika mpini ni hoja kubwa. Raba iliyokauka na kung'aa kama kiatu cha zamani itabidi ibadilishwe, na gharama ya raba nane au tisa ipunguzwe katika bei pale pale, si kesho yake. Mwisho, fimbo zote zilazwe chini kwa mfuatano: kila moja yapasa kuzidi jirani yake kwa nusu inchi hivi. Ngazi yenye kidato kilichoruka husema kwamba mtu fulani alitumia msumeno.

Msumeno huo ndio unaowaumiza watoto. Mzazi mwenye nia njema hukata fimbo ya mtu mzima ifike kimo cha mtoto, akadhani amemaliza. Kichwa kimebaki na uzito ule ule wa baba, na mpini uliofupishwa umekuwa mgumu zaidi, hata mtoto hulazimika kuirusha fimbo kwa mwili mzima badala ya kuizungusha. Wanawake nao wamepata sehemu yao ya dhuluma hiyo kwa kurithi fimbo ndefu nzito za waume na kaka zao. Arusha ndiyo iliyomtoa Madina Iddi, ambaye ameiwakilisha Tanzania kwa miaka mingi, na yasikitisha kwamba mwanamke anayemtazama na kutaka kumfuata huanza safari kwa chuma cha mtu aliyemzidi kimo kwa kichwa kizima.

Kimo hakitoshi kusema kitu, maana wapo warefu wenye mikono mirefu. Ulalo wa fimbo, yaani pembe ambayo mpini hufanya na ardhi, hujulikana kwa ubao na utepe wa kunata. Utepe hubandikwa chini ya soli, mpira ukapigwa juu ya ubao, na alama ikatazamwa. Ikiwa katikati, fimbo inamfaa mtu huyo. Ikiwa upande wa kisigino, fimbo imesimama mno kwake, na kwa mtumia mkono wa kulia mpira utakwenda kushoto siku zote. Ikiwa upande wa ncha, imelala mno, na mpira utakwenda kulia. Mamia ya wachezaji hubadilisha namna ya kusimama na namna ya kushika ili kuponya ugonjwa ulio katika chuma. Fimbo zilizofuliwa hukubali kukunjwa kidogo na fundi; zilizomiminwa nyingi ni ngumu, na mnunuzi asipewe ahadi nyepesi ya kwamba "zitanyooshwa tu." Ping hutia nukta za rangi katika vichwa vyake kuonyesha ulalo, nukta nyeusi ikiwa ndiyo ya kawaida. Mwenye kukuta nukta ya rangi nyingine ajue kwamba seti hiyo ilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Kanuni huruhusu fimbo 14 katika mkoba, lakini hazimlazimishi mtu kuzijaza. Katika seti kuukuu chuma namba 3 na namba 4 mara nyingi huwa kama vipya, na muuzaji husifu upya huo. Ni vipya kwa sababu mwenyewe alishindwa kuvipiga! Anayejifunza aweza kuviacha na kuomba bei ipungue. Vyuma namba 6 hadi 9, fimbo mbili fupi, moja ya mbao au ya mchanganyiko kwa mapigo marefu, na moja ya kusukumia shimoni, zinamtosha kucheza mwaka mzima bila kupungukiwa na kitu.

Husimuliwa mara kwa mara habari za Severiano Ballesteros wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 1957 na kujifunza mchezo ufukweni akiwa na chuma kimoja tu kikuukuu, namba 3, alichopewa na kaka yake. Afrika Mashariki ilimwona mwaka 1978 aliponyakua ubingwa wa Kenya Open, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa wazi wa Uingereza. Habari hiyo ni ya kweli na ni nzuri, lakini imetumiwa vibaya. Hutajwa ili kuwaambia vijana wabebao mikoba kwamba fimbo yoyote yafaa, kwamba mwenye kipaji atapenya tu. Ballesteros alipenya kwa kuwa alikuwa Ballesteros, na namba 3 ni katika fimbo ngumu kuliko zote. Kijana wa kawaida wa Arusha, mwenye bidii ya kawaida, hustahili chuma kinachomsamehe.

Na vyuma hivyo vipo. Viko katika stoo za majumba ya Njiro na Ilboru, katika mikoba iliyoota vumbi ya watu walionunua seti mpya na kuisahau ya zamani kwa sababu hakuna aliyeiuliza. Raba zimekauka, lakini vichwa vina shimo mgongoni na mifereji inakwaruza ukucha. Kijana anayembebea mwenye stoo hiyo mkoba mpya kila Jumamosi ana fimbo moja tu ya kwake, namba 8, yenye mpini wa namba nyingine, naye humaliza kazi saa kumi na moja jioni na kubaki na saa moja ya mwanga.